Kufuli na Daftari la Majina

Watu hudhani mimi ndiye niliyempa dada yangu jina la Kufuli. Si mimi, ni watu wa ofisini, ingawa kusema kweli mimi ndiye niliyelitangaza. Nimelala naye kitanda kimoja utoto wangu wote, kwa hiyo nina haki ya kusema: mtu yule hakuzaliwa na shaka. Alikuwa msichana wa kucheka ovyo mpaka mama anamkemea. Akaolewa, akazaa wawili, akakaa miaka tisa akimpigia pasi mashati mwanamume ambaye, kumbe, alikuwa na nyumba nyingine mitaa miwili tu kutoka pale, na mke ndani yake, na mtoto wa miaka sita aliyefanana naye mpaka masikio. Siku alipogundua hakulia mbele yetu. Alirudi kwa mama na mabegi matatu na watoto wake, na tangu siku hiyo ukimwambia chai iko tayari, anafunua birika kwanza aone.

Sasa mtu wa namna hiyo utampa kazi gani? Wakampa kulinda majina.

Ofisi yetu iko ghorofa ya pili, kwenye jengo lenye lifti ambayo sijawahi kuiona ikitembea. Mimi nakaa mapokezi, na simu tatu na kiti chenye gurudumu moja bovu. Kazi hiyo niliipata kwa jasho langu mwenyewe. Nilipoomba, Meneja alimwuliza dada kama ananifahamu. Akajibu, "Namfahamu, ni mdogo wangu, ndiye anayenifuata. Lakini waulizeni na wengine." Mdogo wake wa tumbo moja! Nilimnunia wiki mbili.

Kazi yenyewe nitaieleza kama nilivyoielewa mimi, mtu wa simu. Ukiandika jina la tovuti kwenye simu yako, simu hailijui hilo jina. Mashine hazijuani kwa majina, zinajuana kwa namba. Kwa hiyo simu yako inaiuliza mashine ya kampuni inayokuuzia intaneti, ambayo sisi tuliiita mwulizaji. Mwulizaji naye akiwa hajui, anaanzia juu kabisa, kwa wale wachache wanaojua tu nani anashika mwisho wa jina. Maana jina husomwa kutoka nyuma: kile kipande cha mwisho baada ya nukta ndicho ukoo, kinachokitangulia ndicho nyumba, na cha mbele kabisa ndiye mtu mwenyewe. Wale wa juu watasema, sisi hatumjui huyo, ila ukoo wake unashikwa na ofisi fulani, kaulize kule. Ofisi hiyo ndiyo yetu. Nasi tutasema, nyumba hiyo ina mtunzaji wake, nenda kwake. Au kama ni taasisi kubwa ya umma, daftari lake tunalo wenyewe, basi namba tunaitoa palepale. Mzunguko wote huo unaisha kabla hujapepesa jicho.

Na mwulizaji hapendi kusumbuliwa mara mbili. Akishapewa namba anaiweka kichwani kwa muda tuliomwandikia sisi, na anayekuja kumwuliza tena ndani ya muda huo anajibiwa hapohapo, bila kurudi kwetu. Muda ukiisha, anaisahau, anakuja kuuliza upya. Kwetu uliitwa muda wa kukumbukwa, na kawaida yetu ilikuwa siku mbili. Huo ndio uliotuponza.

Daftari la majina lilikuwa kwenye kompyuta, si la karatasi, lakini sheria yake ilikuwa ya kizamani: mtu mmoja haandiki peke yake. Mmoja anaandika, mwingine anasoma kwa sauti, wa kwanza anaitikia. Dada alikuwa anaandika. Aliyekuwa anasoma ni mwanamume mmoja mjane, mrefu, mwembamba, masharubu yameanza mvi, tuliyemwita Pacha kwa sababu humwoni mmoja wao bila mwingine. Meza zao zilitazamana. Miaka kumi na moja nimewasikia kutoka mapokezi: "Mia moja tisini na sita." "Ndiyo." "Nukta." "Ndiyo." "Kumi na mbili." "Rudia." "Kumi na mbili, mwenzangu." "Ndiyo." Ukiwasikiliza sana unaweza kusinzia.

Na dada alikuwa kiboko ya kazi ile, nisimnyime haki yake. Mtu akipiga simu kusema yeye ni mkurugenzi wa kampuni fulani, badilisheni namba yetu haraka, dada anakata simu, anafungua faili la zamani, anapiga namba iliyoandikwa siku jina liliposajiliwa. Siku moja mkurugenzi alikuja mwenyewe kwa miguu yake, na kitambulisho, akatolewa jasho kwa kutakiwa asaini mara tatu. Akafoka. Dada akamwambia, "Saini ya tatu mkia wake umeinama. Umechoka, au si wewe?" Lakini mwaka uliofuata ikaja barua nzuri, mhuri mzuri, ikitaka jina la benki moja lielekezwe kwingine, na wote tuliiona ni halali isipokuwa yeye. Ilikuwa ya kughushi. Tangu hapo Meneja akawa hamgusi.

Mtu pekee ambaye dada hakumshuku ni Pacha. Ndivyo nilivyodhani.

Pacha alimwomba waoane. Alimwomba kwa adabu, kwenye ngazi, wakati wa kutoka kazini, na mimi nilikuwa nyuma yao nimejitia hamnazo. Dada akasema atafikiria. Weee, kufikiria kwa dada yangu ni upelelezi! Alinituma kwa muuza duka jirani na nyumba ya Pacha niulize analeta wageni gani. Alitaka kujua Jumapili anakwenda wapi (kwa binti yake aliyeolewa, na anarudi saa kumi). Alimtazama akila, akamtazama akilipa nauli. Mwaka mzima. Halafu jioni moja tunamenya viazi akaniambia, "Nimemchunguza mpaka mwisho. Sijaona kitu."

"Haya, basi mjibu," nikasema.

"Ndicho kinachonitia wasiwasi. Mtu hawezi kukosa kitu."

Nilitamani nimpige na kiazi. Lakini hatimaye alimwambia Pacha kwamba jibu atalipata mwisho wa mwezi, na mimi nilijua jibu, maana alikuwa amepeleka kitambaa kwa fundi na hakutaka nikione. Niliitaka ndoa ile kwa moyo wangu wote. Dada yangu alikuwa na miaka arobaini na nane, watoto wamekua, wameondoka, na anakaa chumba kimoja na mama ambaye husahau mchana kama tumekula. Nilitaka awe na mtu wa kumwitikia nje ya zile namba.

Basi, Jumatatu ya wiki ile ikaja karatasi ya maombi kutoka ofisi ya mitihani. Aliyeandika ni fundi wao wa mitambo, bwana mmoja mnene, mpole, mwenye miwani ya kuteleza. Alieleza kwamba Alhamisi, saa tatu asubuhi, matokeo ya mitihani ya nchi nzima yatatangazwa, na tovuti yao inahamia kwenye mashine yenye nguvu zaidi. Namba mpya ataileta Jumatano. Kwanza aliomba muda wa kukumbukwa upunguzwe, kutoka siku mbili hadi dakika tano.

Mimi nilikuwa nimewapelekea chai. Dada akasoma, akasoma tena, akainua karatasi kwenye mwanga wa dirisha.

"Dakika tano," akasema. "Nani anataka asahaulike kila dakika tano?"

"Anahama, mwenzangu," Pacha akasema. "Anataka Jumatano waulizaji wote wasahau namba ya zamani upesi, waje kuchukua mpya. Ni kawaida ya wanaohama."

"Ni kawaida ya wezi! Matapeli wote tuliowakamata walikuwa na dakika tano, dakika tatu. Leo yuko hapa, ukinyanyuka kumfuata yuko kule. Mtu mwenye nyumba yake anaogopa nini kukumbukwa siku mbili?"

Akapiga namba ya faili la zamani kumwuliza mkurugenzi wa mitihani. Ikaita mpaka ikakata. Basi, yamekwisha. Akachukua kalamu nyekundu akaandika: Imekataliwa, sababu haitoshi. Akasaini. Kukataa pia kulihitaji saini ya pili, akamsogezea Pacha karatasi. Pacha akaitazama, akaguna, akasaini ili kuwe na amani. Mimi nikacheka, nikarudi kwenye simu zangu, nikaisahau.

Jibu lilipelekwa kwa barua pepe, picha ya karatasi ileile. Fundi wa mitihani, kama tulivyokuja kujua, alikuwa na barua mia nne siku ile na hakuifungua. Aliamini tumekubali.

Jumatano mkurugenzi mwenyewe akapiga kuthibitisha namba mpya, dada akaridhika, na saa nne asubuhi wakaiandika. Nukta, ndiyo, nukta, ndiyo. Ikaingia bila kosa hata moja. Mchana ule fundi wa mitihani akairudisha mashine ya zamani kwa kampuni iliyokuwa ikiwakodisha.

Mchana huohuo nikapokea simu ya mwanamume mmoja, sauti ya haraka, nyuma yake kuna honi. Hakutaja jina. "Mwambie yule mzee mrefu kile kitu chake kipo," akasema, "lakini kuna mwingine anakitaka. Kesho mchana aje. Na aje peke yake, asiniletee watu." Nikampa Pacha ujumbe, akafurahi, akaniomba radhi kwa usumbufu, akatoka kwenda kupiga simu kwenye korido. Na mimi, mdomo wangu huu usio na breki, nikapita kwa dada nikamtania: "Mtu wako ana siri, dada. Kuna kitu anakwenda kukiona, peke yake." Nilifikiri nachekesha. Dada hakucheka. Aliuliza, "Sauti ya mwanamume? Una hakika?"

Alhamisi saa tatu asubuhi matokeo yakatoka. Saa tatu na dakika nne simu zangu zote tatu zilikuwa zinalia.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja anayelia kwa hasira. "Nimeandika jina la ofisi ya mitihani, natafuta matokeo ya mwanangu, mnaniletea kamari! Mipira na magurudumu yanazunguka! Nyie ni watu au ni nini?" Wa pili akasema yeye simu yake imemwonya kwa wekundu asifungue. Wa tatu akasema yeye anaona matokeo vizuri kabisa, ila jirani yake, aliyekaa naye kiti kimoja, anaona kamari. Nikayarudia maneno yake kwa sauti, wa ndani wasikie, nikamwambia labda jirani yake ndivyo alivyo. Kufika saa tatu na nusu sikuwa na utani tena. Nilikuwa natukanwa mimi na mama yangu aliyenizaa.

Meneja akatoka chumbani kwake shati halijaingia kwenye suruali. Alikuwa amepigiwa na wakubwa. Akasimama katikati ya ofisi akasema maneno matatu: "Nani ameuza jina?"

Wakafungua daftari. Namba ilikuwa ileile ya Jumatano, sahihi, nukta kwa nukta. Ungefikiri hilo lingetuliza watu. Kwa dada yangu ndiyo kwanza moto ukawaka. "Kama namba ni sahihi na watu wanapelekwa kwingine," akasema, "basi kuna aliyeibadilisha na kuirudisha." Akafungua orodha ya kadi zetu za kufungulia daftari. Orodha ile ilionyesha nani kalifungua daftari na saa ngapi, haikuonyesha kagusa nini. Nikamwona anasoma, halafu anaacha kusoma, ameshika ukingo wa meza.

"Leo," akasema. "Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Kadi ya mwenzangu. Peke yake."

Ofisi nzima ikageuka. Pacha alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mkononi ana kikombe.

"Nilikuwa nasoma tu," akasema. Kusoma peke yako kuliruhusiwa. "Nilikuwa namalizia kulinganisha kazi ya jana, nipate nafasi ya kutoka mchana."

"Kutoka kwenda wapi?" Meneja akauliza.

Pacha hakumtazama Meneja. Alimtazama dada. Akasita sana, mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kuonana na dalali. Dalali wa nyumba."

Haki ya nani, mimi nilielewa palepale. Mtu anakaa chumba kimoja cha ujane, mwisho wa mwezi anangoja kujibiwa na mwanamke, sasa dalali wa nini tena? Mtoto mdogo angeelewa. Nikamtolea dada macho, nikamkonyeza, nikatikisa kichwa mpaka shingo ikaniuma. Lakini yeye neno "nyumba" lilikuwa limeshamfikia mahali pengine kabisa. Niliona sura yake. Ilikuwa sura ileile ya mabegi matatu.

"Mahali pa kukaa unapo," akamwambia. "Hiyo nyumba ya pili ni ya nani?"

Pacha akainamia kikombe chake.

"Jana alipigiwa na mtu asiyetaja jina," dada akamgeukia Meneja, sauti kavu kabisa. "Akaambiwa kitu chake kipo, aje peke yake. Mdogo wangu ni shahidi."

Macho yote yakahamia kwangu. "Ndiyo, lakini jamani, yule alikuwa..."

"Ndiyo au siyo?" Meneja akasema.

"Ndiyo."

Nimejilaumu kwa neno hilo zaidi ya maneno yangu mengine yote, na ninayo mengi. Pacha akavua kadi yake shingoni, akaiweka juu ya meza, mbele ya dada. Akakunywa chai iliyobaki, maana hakuwa mtu wa kumwaga kitu. Akashuka ngazi. Meneja akasema amesimamishwa mpaka uchunguzi uishe, na akasema kwa sauti, ili tusikie, kwamba polisi nao wataarifiwa ifikapo jioni.

Saa nane mchana fundi wa mitihani akaja mwenyewe. Alikuwa amepanda ngazi mbio, miwani imejaa jasho. "Nyie watu mmenifanya nini?" akaniambia. "Si niliomba Jumatatu mfupishe muda? Ile mashine ya zamani wenyewe wameshaipangisha, jana hiyohiyo, kwa kampuni ya kamari, na namba yake! Waulizaji bado wanawapeleka watu kule! Nimesoma barua yenu sasa hivi, ndiyo naona mlikataa. Mlikataa kwa nini?" Akanitupia karatasi aliyoichapisha. Wino mwekundu. Sababu haitoshi. Saini ya dada yangu, na chini yake ya Pacha.

Sikumwita mtu. Nilinyanyuka nikaziacha simu zilie, nikaingia ndani, nikaibamiza karatasi ile juu ya meza ya dada kwa kiganja.

"Soma! Hakuna aliyeuza jina. Waulizaji wanaikumbuka namba ya zamani kwa sababu wewe ulikataa wasahau!"

Na unajua alifanya nini kwanza? Aligeuza karatasi kuangalia imechapishwa lini. Nikapiga yowe. Ndipo akaanza kufanya kazi yake. Akaiuliza mashine ya kampuni moja ya intaneti, halafu ya pili. Ya kwanza ikajibu namba mpya. Ya pili ikajibu namba ya zamani, na pembeni yake ikaandika muda uliobaki kabla ya kusahau: sekunde elfu sitini na nane na ushei. Akaiuliza tena. Zimepungua kumi. Akaiuliza tena. Zimepungua nyingine. Kule kulikoulizwa kabla ya saa nne ya Jumatano kulikuwa bado na jibu la zamani, kulikoulizwa baadaye kulikuwa na jipya. Ndiyo maana mtu na jirani yake kiti kimoja waliona vitu viwili. Hakuna mkono wa mtu. Dada alikaa akizitazama zile sekunde zinavyopungua.

Kisha akanyanyuka mwenyewe, akachukua karatasi, akaingia kwa Meneja, akafunga mlango. Alisema yote. Ninajua kwa sababu alipewa barua ya onyo na aliipokea bila kuomba asaini mtu wa pili. Mimi nikakalia simu, nikawapigia wenye kampuni za intaneti mmoja baada ya mwingine, wafute kumbukumbu za mashine zao kwa mkono. Mmoja akaniambia nisubiri, nikamwambia kuna watoto nchi nzima wanasubiri. Kufika saa kumi kila mtu alikuwa anaona matokeo.

Meneja akataka Pacha apigiwe simu arudi. Dada akasema, "Hapana. Nitakwenda."

Tulikwenda kwa miguu, mimi na yeye, saa kumi na moja jioni. Pacha alikuwa na mlango wazi, anapiga pasi. Juu ya kiti kulikuwa na mashati manne yamekunjwa sawasawa. Akatukaribisha, akanitolea mimi kiti, akamwonyesha dada ukingo wa kitanda, lakini dada hakukaa. Akamnyooshea Pacha ile karatasi yenye wino mwekundu.

"Ni mimi," akasema. "Muda."

"Najua," Pacha akasema. "Nilijua tangu simu ya tatu, ile ya mtu na jirani yake."

Hapo hata mimi nilishtuka. "Shemeji, ulijua ukanyamaza?"

Alinitazama niliposema shemeji, akaweka pasi pembeni. "Meneja alikuwa na kiu ya damu. Ningesema ni mwenzangu aliyekataa, ningekuwa nimemtupa yeye nje. Nikafikiri atakumbuka mwenyewe baada ya muda kidogo, tutakwenda wote wawili kueleza. Tulisaini wote." Akalikunja shati alilokuwa analipiga pasi. "Kisha akaniuliza nyumba ni ya nani."

Dada alikuwa anatazama sakafu. "Ilikuwa ya nani?"

"Vyumba viwili, na jiko lake ndani. Kuna chumba cha mama yenu, kiko karibu na choo, asihangaike. Nilitaka ukisema ndiyo, nikuonyeshe siku hiyohiyo."

Mimi machozi yalikuwa yananitoka, sikuyaficha.

"Ungeniambia mapema," dada akasema.

"Ningekwambia," Pacha akasema, na hakusema kwa hasira, ndiyo maana iliuma, "nikakwambia nakwenda kutazama nyumba, ni yetu sisi. Ungeniamini?"

Dada yangu ana mambo mengi lakini si mwongo. Nilimwomba Mungu amjalie aseme uwongo mara moja tu.

"Nisingekuamini," akasema.

Pacha akaitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia namba. "Na nikichelewa siku moja kwenye foleni? Na simu ikiita nikatoka nje kuipokea?"

Dada akaikunja ile karatasi mara mbili.

"Kesho nitakuja kazini," akasema. "Tutasoma daftari kama siku zote, kazi haina ugomvi. Lakini lile jambo letu, mwenzangu, tuishie hapa." Akatusindikiza mpaka barabarani, akatutakia safari njema, akarudi kwenye mashati yake.

Tukatembea. Tulipita duka la kwanza, tukapita la pili. Dada akasimama ghafla katikati ya njia, akanishika mkono.

"Unadhani amesema vile makusudi?" akaniuliza. "Ili nirudi nimbembeleze? Au yule dalali ameshamwonyesha mtu mwingine hiyo nyumba? Kuna kitu hajakisema."

"Dada," nikasema, "hakuna kitu. Amekuacha. Hakuna kingine nyuma yake."

Akaniangalia usoni, akitafuta. Nikangoja aulize una hakika, nani kakwambia, umejuaje. Hakuuliza. Akaniamini, na akaketi palepale kwenye ukingo wa barabara akaanza kulia, mbele yangu na mbele ya watu.